Bi Lutfia na Nta ya Moto

Imetufikia kutoka kwa wenye kuhifadhi habari za waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bonde la Doani, nchi ya Hadhramaut, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bi Lutfia binti Bakhiti. Mumewe alikuwa ameshafariki kwa homa, Mwenyezi Mungu amrehemu, akamwachia binti mmoja, jina lake Atika, na nyumba ya udongo iliyotazamana na mashamba ya mitende. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mishumaa ya nta ya nyuki, na kazi hiyo aliifanya humo humo nyumbani mwake.

Watu wa bonde lile ni watu wa asali. Wanapokwisha kukamua masega hubakiwa na nta chafu, nyeusi, iliyojaa mabawa ya nyuki. Hiyo ndiyo aliyoinunua Bi Lutfia. Aliichemsha ndani ya maji, akaichuja kwa kitambaa mara tatu, akaikwangua nyembamba na kuianika darini siku nyingi, mpaka ule weusi ukaondoka na nta ikawa na rangi ya maziwa. Kisha aliiyeyusha tena ndani ya chungu kilichokaa juu ya maji ya moto, akachovya utambi wa pamba, akautoa, akauacha upoe, akachovya tena. Kila alipochovya alisema Subhanallah. Mshumaa mmoja ulikuwa na tasbihi arubaini ndani yake kabla haujafika unene wa kidole gumba.

Mishumaa ya kuchovya wengi waliiweza. Lakini mapambo ya Bi Lutfia hayakuwa na mwenziwe. Alitandaza nta ingali vuguvugu, akaikata kwa kisu kidogo, akaikunja kwa vidole, na mbele ya macho yako likatokea ua la waridi lenye majani kumi na mawili, membamba hata mwanga ukapenya. Maua mengine aliyatia manjano, mengine buluu ya nila. Akishayabandika kwa tone la nta ya moto, mshumaa ule mtu huona haya kuuwasha. Hakuna harusi ya maana bondeni iliyofanyika bila mishumaa yake. Na hakuigusa nta ila akiwa na udhu.

Basi Atika alipofika umri wa kuolewa, aliposwa na kijana mwema aitwaye Sabiti. Mama yake Sabiti, Bi Muzna, alikuwa mtu wa heshima na mwenye moyo mkunjufu. Alipokuja kuposa alimwambia Bi Lutfia, "Dada yangu, sikuchukulii binti nikakuacha peke yako. Atika akija kwetu, nawe njoo. Nyumba ni kubwa. Tutakula sahani moja, tutalea wajukuu wetu pamoja." Bi Lutfia alilia kwa furaha siku hiyo, akakubali.

Zikabaki siku saba harusi ifike. Bi Lutfia alikuwa akipamba mishumaa arubaini ya kumsindikiza bibi harusi, na safari hii bibi harusi ni mwanawe mwenyewe. Asubuhi moja Atika alipanda darini kumpelekea tambi za mishumaa. Akamkuta mama yake ameinama juu ya kazi, anachagua maua kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ameuegemeza kwenye chungu cha nta. Vidole viwili, cha mwisho na cha pili yake, vilikuwa vimezama ndani ya nta ya moto.

"Mama! Mkono wako!"

Bi Lutfia aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama mkono wa jirani. Akautoa taratibu. Nta ilipoganda na kubanduliwa, ngozi ilitoka nayo.

"Sikuhisi kitu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akarudia, "Atika, mimi sikuhisi kitu."

Ndipo akakumbuka baka la kijivu lililokuwa kwenye ngozi juu ya kiwiko chake kwa mwaka mzima, akidhani ni joto la jiko. Akaitwa tabibu wa mji, mzee mmoja mwaminifu aliyeitwa Wadaa. Akamfunga macho kwa kitambaa, akamgusa mkononi kwa unyoya, kisha kwa ncha ya sindano, akimwuliza kila mara, "Hapa wahisi?" Na mahali pengi Bi Lutfia hakujibu, maana hakujua kama ameguswa. Tabibu akamfungua macho, naye mwenyewe akayainamisha ya kwake.

"Bi Lutfia, ni ukoma."

Akampima na Atika. Atika alihisi unyoya kila ulipomgusa. "Yeye ni mzima," tabibu akasema, kisha akaongeza, "kwa leo." Alipofika mlangoni aligeuka. "Mimi sitakutangaza. Siri ya mgonjwa ni amana. Lakini nakuusia kwa haki ya Mola wako, usimfiche mtu atakayekula na kulala pamoja nawe."

Alipokwenda zake, Bi Lutfia akavuta buibui lake. "Nakwenda kwa Bi Muzna," alisema.

Atika akasimama mlangoni. Tusimlaumu haraka, ndugu zangu. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, na nguo zake za harusi zilikuwa zimetundikwa ukutani.

"Mama, siku saba tu. Nakuomba. Nikishaolewa, waambie unapenda kubaki hapa nyumbani kwako. Nani atakulazimisha? Hakuna atakayedhurika."

"Tabibu amesema nini, mwanangu?"

"Amesema usimfiche utakayekula naye. Basi usile naye!" Kisha akalia, na ndani ya kilio kile akasema neno ambalo alikuja kulijutia umri wake wote. "Ukweli utausema wewe, mama. Lakini atakayeadhibiwa ni mimi."

Bi Lutfia alibaki na buibui mkononi muda mrefu. Kisha akalitundika tena.

Wapo wasimulizi ambao wakifika hapa hupita mbio, wakiogopa kumvunjia heshima. Mwalimu wangu aliyenipa kisa hiki hakuwa akipita mbio. Alikuwa akisema, "Alinyamaza, na alijua analolinyamazia. Mapenzi ya mtoto yalimshika." Siku zile, wanasema, aliposimama kuswali alianza kusoma akasahau alipofikia, akaanza upya, akasahau tena. Na alipochovya mshumaa ulimi wake haukutamka tasbihi. Alichovya kimya.

Siku ya nne akaja Bi Muzna, jua likiwa limepanda kidogo. Alibeba mkate wa moto uliofunikwa kitambaa na bakuli la asali ya mkunazi. Alikuwa na furaha, anaongea tangu ngazini. Akaona kitambaa kilichofungwa mkononi mwa Bi Lutfia.

"Umefanyaje, dada yangu?"

"Nta," Bi Lutfia akajibu. "Nta ya moto."

Neno hilo lilikuwa la kweli kila herufi, na lilimchoma kuliko uongo.

"Pole sana! Kazi yote hii kwa ajili yetu." Bi Muzna akaketi, akamsogelea mpaka magoti yao yakagusana. "Mkono mbovu hauvunji mkate. Kaa, nikulishe mimi." Akamega tonge, akalichovya katika asali, akalifikisha mdomoni mwa Bi Lutfia kama amlishavyo mama mtoto wake. "Zoea. Wiki ijayo ukiwa kwangu nitakulisha hivi hivi mpaka upone. Na Mungu akitujaalia mjukuu, wa kwanza kumpakata ni wewe. Mimi nitasubiri zamu yangu."

 Bi Lutfia akageuza uso upande wa ukuta, na mabega yake yakatikisika. Bi Muzna akadhani ni machozi ya kuagana na binti. Akatabasamu, akamega tonge lake mwenyewe, akapeleka mkono kwenye bakuli lile lile.

Atika alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Akaiweka chini.

"Bi Muzna, usile."

Bi Muzna akainua uso.

"Mama yangu ana ukoma. Tabibu Wadaa amemwona siku nne zilizopita. Mama alitaka kuja kwako siku ile ile, mimi nikamzuia. Dhambi yake ni yangu."

Mkono wa Bi Muzna ulibaki hewani na tonge lake. Asali ikadondoka kwenye mkeka, tone kwa tone, na hakuna aliyeipangusa. Mwishowe akaliweka lile tonge juu ya kitambaa, pole pole. Hakumtazama Atika. Alimwuliza Bi Lutfia.

"Ungeniambia lini?"

"Sijui," Bi Lutfia akasema. "Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu, dada yangu, sijui."

Bi Muzna akainuka. Penye mtungi akanawa mikono yake, akanawa tena, akanawa mara ya tatu, maji yakachirizika mpaka kizingitini. Akatoka bila kuaga. Kesho yake ukaja ujumbe kwamba posa imevunjika. Miezi miwili baadaye Sabiti akaoa binti wa kijiji cha juu ya bonde, na wanawake wa mji, kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, wakamsindikiza bibi harusi kwa taa za mafuta.

Habari ikishatoka haizuiliki. Wazee wa mji wakakutana, wakaamua, kwa maneno ya upole, kwamba Bi Lutfia ahamie kwenye kibanda cha mlinzi wa mitende, mwisho wa mashamba, pale bonde linapoanza kuwa mawe matupu. Atika aliambiwa anaweza kubaki mjini kwa shangazi yake. Hakubaki. Akafunga mzigo, akabeba chungu, seredani ya makaa na ile mishumaa arubaini ndani ya kapu.

Njiani Bi Lutfia alisimama. "Walinitaja mimi peke yangu, mwanangu. Rudi. Wewe ungali kijana."

"Nilikufunga mdomo siku nne kwa ajili ya nafsi yangu," Atika akajibu. "Usinifukuze, mama."

Wakaenda.

Maisha ya kule yalikuwa mazito. Jua lilipasua udongo wa kibanda, na mvua ilipokuja juu ya milima, mafuriko yalipita karibu mno hata wakakesha wamesimama. Chakula kiliachwa na jamaa juu ya jiwe, siku nyingine kikasahauliwa. Mara moja walikaa siku tatu kwa tende chache zilizoangushwa na ndege. Siku ya tatu msafara wa ngamia ukapita ukielekea pwani, na mfanyabiashara mmoja mgeni aliyekuja kuomba maji akaiona mishumaa ile ndani ya kapu. Akachukua mmoja, akaugeuza mbele ya jua, akastaajabu.

"Subhanallah! Maua haya ameyafanya nani? Nipe yote. Nitakupa unga na samli ya mwezi mzima, na nguo juu yake."

Hakuwa mtu wa bonde. Hakujua kitu, na baada ya saa moja angekuwa mbali. Atika alitazama ule mfuko wa unga juu ya ngamia. Ndani ya kibanda Bi Lutfia alikuwa akisikia kila neno.

"Ameyafanya mama yangu," Atika akasema, "naye ana ukoma. Ukitaka kuinunua, inunue ukijua."

Yule mtu akaurudisha mshumaa kapuni kama aliyeshika kaa la moto, akapangusa kiganja chake kwenye joho, akaondoka bila kunywa maji. Atika akakaa kizingitini mpaka vumbi la ngamia likatulia.

"Umefanya jambo nililoshindwa mimi," mama yake akamwambia kutoka ndani.

"Mimi ndiye niliyekufanya ushindwe," Atika akasema.

Siku ile waliiyeyusha mishumaa yote arubaini. Walikaa wakiyatazama maua ya harusi yakilegea, yakainama, yakazama ndani ya chungu. Kisha Bi Lutfia akaketi mbali na seredani, mikono ameificha ndani ya mikono ya kanzu, akaanza kumfundisha binti yake kwa mdomo tu.

"Itandaze. Sasa ngoja. Usiikate bado."

"Nitajuaje kuwa tayari, mama?"

"Iguse. Ikiwa kama shavu la mtoto mwenye homa kidogo, ndiyo tayari. Mimi nilikuwa nikijua hivyo."

Waridi la kwanza la Atika lilifanana na kabichi. Wakacheka, na wanasema hicho kilikuwa kicheko cha kwanza katika kibanda kile, na baada yake hakikusikika kingine kwa muda mrefu. Lakini mikono ya Atika ilijifunza. Tabibu Wadaa, aliyekuwa akifika kila mwezi kumpima, alishuhudia msikitini kwamba mikono ya binti ni mizima na kwamba nta iliyochemka haibebi ugonjwa wa mtu. Wachache walimsadiki. Wakawa wanaacha nta chafu juu ya jiwe, wanarudi kuchukua mishumaa, na mahali pake wanaacha unga. Wengi hawakumsadiki, nao walipita mbali. Riziki ikawa hivyo: haikukatika, wala haikushibisha.

Miaka saba ikapita. Ugonjwa uliendelea na Bi Lutfia bila haraka. Ulichukua vidole, kisha sauti ikakwama puani, na mwishowe ukafika machoni. Ulimi wake ulirudia tasbihi zake, kila Atika alipochovya yeye alizihesabu kwa sauti iliyobaki. Hakulalamika, isipokuwa siku moja alimwomba Atika amwelezee rangi ya ua alilokuwa akilikunja, na Atika alipokwisha kueleza akamwambia, "Sema tena," na tena, na tena, mpaka adhana ya adhuhuri ikawakatiza.

Akafariki asubuhi ya siku ya Jumanne, kichwa chake mapajani mwa binti yake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Atika alikwenda mpaka mwanzo wa mashamba akaita watu. Wanaume wakaja, wakachimba kaburi, wakasimama mbali wakisubiri. Lakini maiti wa mwanamke huoshwa na wanawake, na waoshaji wa mji hawakutokea. Wa kwanza alikuwa mgonjwa, wa pili amesafiri, wa tatu hakutoa udhuru. Atika akachota maji, akatia majani ya mkunazi na kafuri, akamlaza mama yake juu ya ubao. Alipojaribu kumgeuza ubavu, peke yake, hakuweza. Mara mbili alijaribu, na mara ya pili ubao ulitaka kupinduka. Akakaa chini kando ya maiti, akaomba dua pasipo maneno.

Mlango ukatiwa kivuli. Mwanamke mzee aliingia, akavua buibui, akakunja mikono ya nguo yake mpaka juu ya viwiko. Alikuwa Bi Muzna.

Atika akasimama. "Bi Muzna, wayajua maradhi yake."

"Nayajua. Wewe ndiye uliyeniambia." Akapiga magoti, akaweka mikono yake miwili, mitupu, chini ya bega la Bi Lutfia. "Mshike kiunoni. Kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Wakamwosha. Bi Muzna ndiye aliyemimina maji juu ya ile mikono isiyo na vidole, akaisugua polepole, wa kulia kisha wa kushoto, mara tatu kama sunna. Walipokwisha kumkafini, akasema bila kuinua macho, "Miaka saba, binti yangu, kila nikimega mkate nausikia mkono wangu ukisimama hewani. Ungenyamaza siku ile, nisingejua. Nimejiuliza katika sijda zangu kama mimi, kwa ajili ya mwanangu, ningesema. Sijapata jibu ninalolipenda."

"Mimi pia nilitaka kunyamaza," Atika akasema.

"Najua, na bado ulisema. Ndiyo maana nimekuja." Akafunga fundo la mwisho la sanda. "Nilitoka kwenu siku ile bila kumuaga mama yako. Nimechelewa miaka saba." Akainama, akambusu Bi Lutfia juu ya sanda, pale penye paji la uso, akamtolea salamu.

Wakamzika kabla ya alasiri. Imepokewa kwamba Atika hakurudi mjini. Alibaki katika kibanda kile akitengeneza mishumaa mpaka uzeeni, na ugonjwa ule haukumgusa. Hakuolewa.

Ndugu zangu katika imani, huenda mlikuwa mkisubiri niwaambie kwamba mchumba alirudi, au mgonjwa alipona, au ule unga wa mfanyabiashara ulishuka kutoka mahali pengine. Sikupokea hivyo, na siwezi kuongeza. Wapo wanaosema kweli hapa duniani na hawapewi malipo yake ila usiku wa kulala bila hofu, na hesabu yao kubwa ipo kwa Mola wao. Ila hili nalijua: kama Atika angenyamaza, siku ya kifo cha mama yake nyumba ingejaa waoshaji, na wote wangekuwa wamedanganywa. Aliposema, alikuja mmoja tu. Na huyo mmoja aliingia akijua.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote watatu, na atupe ndimi zinazosema kabla mkono wa mwenzetu haujafika kwenye bakuli.